Kusoma rekodi za simu za 911 ili kupanga timu ya dharura za afya ya akili

Miji mingi ya Marekani imechoka kumtuma askari mwenye bunduki kwa kila mtu anayeongea peke yake barabarani. Denver ilianzisha timu yake ya STAR Juni 2020: gari moja, paramediki mmoja, mtaalamu mmoja wa afya ya akili, hakuna polisi. Austin, kuanzia Februari 2021, wanaopokea simu za 911, namba ya dharura ya Marekani, humuuliza mpigaji kama anataka polisi, zimamoto, gari la wagonjwa au huduma ya afya ya akili. Durham, Minneapolis na Albuquerque nazo zina timu zao. Mji unaotaka kufuata njia hiyo mara nyingi haukosi nia. Unakosa hesabu: simu ni ngapi, zinaingia saa ngapi, zinatoka mitaa gani, na zipi kati ya hizo unaweza kumkabidhi mshauri na paramediki bila kumtia mtu hatarini.

Hesabu hizo zimo ndani ya rekodi za 911, lakini haziko wazi. Rekodi ya simu ya dharura huandikwa ili gari litoke haraka, na aliyeiandika hakukusudia kueleza ugonjwa wa mtu. Ukiisoma kana kwamba ni faili la hospitali, utapanga timu ndogo mno na utaipangia saa zisizo zake.

Kwanza amua unachotaka kujua

Kuna maswali matatu ambayo kwenye vikao huchanganywa kila siku. La kwanza ni simu zipi zinaweza kumalizwa kwa maongezi tu, kwa kuzihamishia laini ya 988, ile ya taifa ya kumsaidia mtu aliye kwenye dharura ya akili, au kwa mshauri aliyeketi ndani ya kituo cha 911 kama wanavyofanya Houston na Austin. La pili ni zipi zinahitaji watu wafike mlangoni bila polisi. La tatu ni zipi polisi lazima awepo, ila aende na mtaalamu. Kila swali lina vigezo vyake na bajeti yake. Yaandike yote matatu kwenye karatasi, meya au mkurugenzi wa kaunti ayasome na kuyakubali, ndipo uombe data. Usipofanya hivyo, utaleta jibu la swali la kwanza, kisha baraza litalitumia kununulia magari.

Data ya kuomba

Omba rekodi za miezi 24 kamili kutoka mfumo wa CAD, ule mfumo wa kompyuta ambao kituo cha 911 hutumia kusajili simu na kutuma magari. Miezi 12 haitoshi, kwa sababu hutaweza kutofautisha majira ya kawaida ya mwaka na mwezi mmoja wa ajabu. Ukirudi nyuma hadi 2020 na 2021, ziweke kando rekodi za janga la korona. Mwenendo wa simu wakati ule haukuwa wa kawaida.

Usiombe ripoti iliyokwisha kujumlishwa. Omba safu moja kwa kila tukio, yenye mambo haya: namba ya tukio, aliyeanzisha (raia aliyepiga simu, au askari aliyekutana na jambo njiani), msimbo wa kwanza wa aina ya simu, msimbo wa mwisho, kiwango cha uharaka, maandishi yote ya mpokea simu, anwani au viwianishi vya ramani, matokeo ya mwisho, lugha, kama mkalimani alitumika, na orodha ya magari yote yaliyotumwa. Kwa kila gari taka saa tano: lilipopangiwa, lilipoondoka, lilipofika, lilipoanza kusafirisha mtu kama lilisafirisha, na lilipokuwa huru tena. Juu ya hizo ongeza saa simu ilipoingia na saa tukio lilipoandikwa.

Msimbo wa kwanza na wa mwisho lazima upewe vyote viwili. Seattle huchapisha data zake za polisi zikiwa na safuwima mbili za namna hiyo, na ukizilinganisha utaona ni simu ngapi ziliingia kama jambo moja zikatoka kama jingine. Vituo vingine hufuta msimbo wa kwanza pale askari anapoubadilisha. Uliza mapema, kwa maana uamuzi wa nani atumwe hufanywa kwa msimbo wa kwanza, wala si wa mwisho.

Omba pia kitabu cha misimbo na tarehe za mabadiliko yake. Hili watu hulidharau, kisha hushangaa kuona simu za kujiua zimepanda mara mbili Machi, kumbe msimbo mpya ulianza kutumika mwezi huo.

Polisi peke yao hawatoshi. Chukua rekodi za gari la wagonjwa na zimamoto. Vituo vingi huuliza maswali ya tiba kwa kufuata kadi za utaratibu wa MPDS, na humo kadi namba 25 ndiyo ya matatizo ya akili, tabia isiyo ya kawaida na jaribio la kujiua. Kwa 988 hutapata safu za mtu mmoja mmoja. Omba jumla za mwezi za kituo kinachohudumia eneo lako. Kumbuka pia kwamba laini hiyo, iliyoanza Julai 16, 2022, kwa miaka miwili ya mwanzo iliielekeza simu kwa kufuata namba ya eneo ya mpigaji, hata kama alikwisha kuhama. Kampuni kubwa za simu zilianza kuelekeza kwa mahali halisi mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo jumla za zamani za kaunti yako zina watu wasiokaa kwako, na zimewakosa wanaokaa.

Kuhusu faragha: gari la wagonjwa na kliniki kwa kawaida hubanwa na HIPAA, sheria ya siri za wagonjwa, polisi na kituo cha simu kwa kawaida hawabanwi. Hiyo isikulegeze. Majina na namba za simu ziondolewe kabla faili halijakufikia, faili likae kwenye kompyuta moja na lisitumwe kwa barua pepe, na katika kila jedwali utakalochapisha ufiche kisanduku chochote chenye watu chini ya 11, kama programu za afya za serikali kuu zinavyofanya.

Kusafisha

Watu 6 wakiona tukio moja sokoni, watapiga simu 6. Vituo vingi huziunganisha kuwa tukio moja, vingine haviunganishi. Tafuta matukio yaliyo ndani ya mita 150 na dakika 20, uyasome kwa macho, uyaunganishe. Ondoa simu za majaribio, zilizopigwa kwa bahati mbaya, na zilizofutwa kabla gari halijapangiwa. Matukio yaliyoanzishwa na askari yatenge kwenye faili lake: timu mpya haiwezi kupokea simu ambayo haikupigwa. Ukiyaacha ndani, sehemu yako ya chini ya kugawanyia inavimba na asilimia zote zinasinyaa.

Kuzitafuta simu zilizojificha

Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Kila kituo kina msimbo wa afya ya akili. New York humwita mtu wa namna hiyo EDP, kifupi cha Kiingereza cha mtu aliyevurugika kihisia. Kwingine utaona namba tupu. Mchambuzi mwenye haraka huhesabu msimbo huo, huandika «asilimia 2 ya simu», na mradi unafia hapo. Nyingi za simu hizi ziko chini ya majina mengine: kuangalia hali ya mtu, ghasia, mtu asiyetakiwa mahali, mtu wa kutiliwa shaka, kuingia bila ruhusa, ugomvi wa kifamilia, mlevi, mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini. Denver ilipochagua simu za STAR ilichukua kuangalia hali ya mtu, ulevi, watu wasiotakiwa mahali, kujianika uchi, na simu za kutaka kujiua; haikungoja msimbo mmoja uitwe jina linalofaa.

Njia ya uhakika ni kusoma maandishi. Panga misimbo yote kwa wingi, chukua 10 au 15 inayoweza kubeba simu hizi, na katika kila mmoja chota sampuli ya nasibu ya matukio 400. Kwa nini 400? Kwa sababu ukikuta asilimia 18 kati ya hizo ni za afya ya akili, ukweli wa msimbo mzima uko takriban kati ya asilimia 14 na 22. Ukisoma 150 tu, upana huo unafika pointi 6 kila upande, na bajeti yako itayumba nao.

Wasomaji wawe wawili, mmoja wao awe amewahi kupokea simu za 911 na mwingine awe mtaalamu wa afya ya akili. Kila mmoja asome peke yake bila kuona alichoandika mwenzake, kisha mkokotoe kipimo cha kappa, kinachoonyesha mnakubaliana kiasi gani. Kikiwa chini ya 0.6, maelekezo yenu ya kusoma ndiyo mabovu. Yaandikeni upya na msome sampuli mpya. Wasomaji hugongana zaidi kwenye pombe, kwenye wazee wenye kusahau, na kwenye vijana waliotoroka nyumbani. Amueni kwa maandishi kila kundi linaingia wapi.

Tuchukue mji wa mfano. Msimbo wa afya ya akili una simu 2,000 kwa mwaka, na usomaji unaonyesha asilimia 85 kweli ni zenyewe: 1,700. Kuangalia hali ya mtu kuna 9,000, asilimia 18: 1,620. Ghasia 14,000, asilimia 9: 1,260. Mtu asiyetakiwa 6,000, asilimia 15: 900. Jumla ni 5,480, na ule msimbo rasmi umebeba asilimia 31 tu. Tazama pia kwamba ghasia, yenye asilimia ndogo kuliko zote, imeleta zaidi ya simu elfu moja. Misimbo mikubwa yenye asilimia ndogo ndiyo humponyoka mtu anayetazama asilimia peke yake.

Unaweza kuongeza utafutaji wa maneno kwa kompyuta, ila baada ya kusoma. Orodha ya maneno itoke kwenye sampuli, kwa kuwa kila jimbo lina lugha yake ya kazi. California wataandika 5150, Pennsylvania 302, Georgia 1013, Florida watataja Baker Act. Zote ni sheria au fomu za kumlaza mtu hospitali bila hiari yake. Utakuta vifupisho vya kutaka kujiua, habari za kuacha dawa, kusikia sauti, kutembea uchi kwenye baridi. Hatari mbili: neno «silaha» litanaswa hata pale palipoandikwa kwamba mtu hana silaha, na maelezo ya zamani ya anwani hujibandika yenyewe kwenye tukio jipya. Mtu aliyemtishia jirani kwa kisu mwaka 2019 ataonekana ana kisu leo. Tenganisha maandishi ya mpokea simu na yale yanayoletwa na mfumo. Halafu chota matukio 300 ambayo kompyuta haikuyanasa, uyasome. Bila hatua hiyo hujui umekosa nini.

Zipi ni salama

Usianzie kwenye orodha ya mambo ya kukataza. Virginia, kwa sheria ya Marcus-David Peters ya 2020, iligawa simu katika ngazi nne: za kawaida, za wastani, za haraka na za dharura kamili. Ngazi ya kwanza huenda 988 moja kwa moja, na ya nne hupata polisi na gari la wagonjwa. Ugawaji huo unafaa kuigwa hata nje ya Virginia, kwa sababu unamlazimisha kila mtu kusema anamaanisha nini anaposema hatari.

Rudi kwenye sampuli uliyosoma. Kwa kila tukio andika mambo manne: je, kuna silaha iliyo mkononi au karibu sasa hivi, je, kuna mtu anayepigwa au aliyetishiwa kwa vitendo, je, kuna jeraha, dawa zilizomezwa au kupoteza fahamu, na mtu mwenyewe yuko wapi, barabarani au kafungiwa ndani pamoja na wengine. Kisha fungua matokeo: kulikuwa na kukamatwa, nguvu ilitumika, askari waliita msaada? Utaona kitu ambacho maandishi ya mwanzo hayaonyeshi, yaani ni mara ngapi simu iliyoonekana tulivu iligeuka, na mara ngapi iliyotisha iliishia askari kuandika «hakuna ripoti» na kuondoka.

Dawa zilizomezwa zinahitaji gari la wagonjwa hata kama mtu ni mpole kama maji mtungini. Wapangaji wengi hutazama polisi tu na kulisahau hilo.

Katika mji wetu wa mfano tuseme theluthi moja inaondolewa kwa silaha, mapigano au tiba ya haraka. Zinabaki takriban 3,640 kwa mwaka, sawa na 70 kwa wiki.

Kutoka simu hadi saa za kazi

Timu haiajiriwi kwa idadi ya simu, huajiriwa kwa saa. Muda unaotakiwa ni kuanzia kupangiwa hadi kuwa huru, pamoja na kuandika maelezo. Usichukue muda wa polisi ukautumia kama ulivyo. Askari aliyeambiwa kuna simu nyingine inangoja atakaa dakika 15. Mshauri anayefanya kazi yake vizuri atakaa saa nzima. Kwa upande mwingine, askari anayempeleka mtu hospitali bila hiari yake anaweza kukwama kwenye chumba cha dharura zamu nzima. Panga simu kwa aina ya mwisho wake (maongezi tu, kusafirishwa, kulazwa), uipe kila aina muda wake, na utumie mediani, yaani thamani ya katikati, pamoja na ile thamani ambayo simu 9 kati ya 10 huishia chini yake. Wastani peke yake huvutwa na zile chache za saa saba.

Kwa mfano wetu tuchukue dakika 75 kwa simu. Simu 70 kwa wiki ni saa 87.5 za kazi. Sasa zipange kwa saa na siku, kwenye jedwali la visanduku 168. Tuseme asilimia 70 zinaingia kati ya saa 4 asubuhi na saa 4 usiku: simu 49, saa 61.25 za kazi, ndani ya saa 84 za wiki. Timu moja ingekuwa kazini asilimia 73 ya muda. Kwenye karatasi inapendeza. Mhasibu atafurahi. Lakini simu haziji kwa foleni iliyopangwa, na timu iliyo kazini asilimia 73 maana yake ni kwamba simu 73 kati ya 100 zitaikuta iko kwa mtu mwingine. Wapokea simu watafanya nini? Watatuma polisi, na baada ya wiki tatu hawatakumbuka kama timu ipo. Ukikokotoa kwa kanuni ya Erlang, ile ya hesabu za foleni, timu mbili hushusha idadi ya zinazosubiri hadi kama 19 kati ya 100. Usiku simu 21 ni saa 26.25 katika saa 84. Timu moja itakuwa kazini asilimia 31, na hilo linavumilika.

Hivyo tuna timu mbili mchana na moja usiku: saa 252 za timu kwa wiki, saa 504 za watu ikiwa kila timu ni ya wawili. Ukigawa kwa 40 utapata watu 13, na utakuwa umekosea, kwani hakuna mtu anayekaa kwenye gari saa zote 40. Likizo, ugonjwa, mafunzo na vikao vya kutua mizigo ya kazi hula muda. Tumia saa 32, upate watu 16. Miradi mingi iliyoanza na watu wachache mno ilipunguza saa za huduma kimyakimya, kisha ikalaumiwa kwamba haipokei simu.

Kuanza na saa chache si dhambi. STAR yenyewe ilianza Jumatatu hadi Ijumaa, saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni, katikati ya mji tu. Ila jua kwamba sheria ya 2021 iliyoyapa majimbo nyongeza ya fedha za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa timu tembezi, asilimia 85 kutoka serikali kuu kwa robo 12 za mwanzo, inataka huduma ya saa 24 kila siku na timu ya watu wasiopungua wawili. Anayetaka fedha hizo asipange usiku uwe wa baadaye.

Ramani

Weka matukio kwenye pembesita za upana wa mita 400 hivi, usiyaweke kwenye anwani. Kabla ya hapo tafuta anwani bandia: makao makuu ya polisi, makutano fulani ya barabara, katikati ya eneo la msimbo wa posta. Mfumo usipoipata anwani huiangusha huko, na ramani yako itaonyesha kwamba wagonjwa wote wanaishi kituo cha polisi.

Halafu orodhesha anwani 50 zenye simu nyingi. Utakuta makazi ya wasio na nyumba, nyumba za kulea watu wenye ulemavu wa akili, vyumba vya dharura, vituo vya mafuta. Nyumba ya kulea inayopiga 911 mara 90 kwa mwaka haihitaji timu ije mara 90. Inahitaji mkataba mpya na wafanyakazi wa usiku waliofunzwa. Zitoe kwenye hesabu za timu na uzishughulikie kando. Wakati mwingine hiyo peke yake hupunguza mzigo kuliko gari jipya.

Ramani pia huonyesha waliopiga simu tu. Mtaa wa wakimbizi kutoka Kongo, ambako watu huogopa kwamba askari akija atauliza karatasi, unaweza kuwa mweupe kabisa huku shida zimejaa. Linganisha na rekodi za chumba cha dharura na uzungumze na makanisa, misikiti na vyama vya wenyeji. Angalia safuwima ya lugha: simu ya Kiswahili iliyochukua dakika nne kumpata mkalimani mara nyingi huandikwa maneno mawili tu, na msomaji wako ataiweka kwenye kundi la «haijulikani». Vivyo hivyo, mama akisema mwanawe ana mawazo au amepandwa na pepo, mkalimani asiyejua maana ya maneno hayo nyumbani atatafsiri kitu kingine kabisa. Laini ya 988 ina wakalimani wa simu kwa lugha zaidi ya 240, lakini ujumbe wa maandishi ni kwa Kiingereza na Kihispania tu; liandike hilo kwenye mpango wako waziwazi.

Mezani kwa mpokea simu

Uchambuzi wote huu hufa au huishi kwa sekunde 60 za mpokea simu. Kama vigezo vyako havigeuki kuwa maswali matatu au manne anayoweza kuyauliza akiwa anaandika, ataifanya kazi ile anayoijua. Andika maswali kwa maneno ya kawaida, yajaribu kwenye rekodi za sauti 100 za zamani, uhesabu mara ngapi wapokea simu wawili wanafika uamuzi mmoja.

Waogopacho ni lawama: nikituma mshauri halafu mtu akafa? Dawa yake ni waraka uliosainiwa na mkuu wa kituo unaosema kwamba aliyefuata maswali amelindwa. Mafunzo hayaiponyi hofu hiyo.

Kuhamisha simu kwenda 988 kuna mtego wake. Mpokea simu asibonyeze 9-8-8. Atumie namba ya moja kwa moja ya kituo cha eneo, abaki kwenye laini hadi mshauri apokee, na amtajie mahali mpigaji alipo, kwa sababu 988 haioni anwani kama 911 inavyoiona. Kwa upande wa pili, chini ya asilimia 2 ya simu za 988 huishia kuhitaji huduma za dharura kutumwa, kwa hiyo mkubaliane mapema ni timu yenu itakayotoka kwanza, wala si gari la polisi.

Kupima bila kujidanganya

Kila mji huuliza: tumewaondolea polisi simu ngapi? Jibu linategemea umegawanya kwa nini. Timu ya CAHOOTS ya Eugene, Oregon, iliyoanza 1989, ilisifiwa nchi nzima kwa kupokea asilimia 17 ya simu za polisi. Wachambuzi wa polisi wa Eugene walipozichambua walisema zilizowaondolea polisi kazi kweli ni kama asilimia 5 hadi 8, kwa sababu nyingi zilikuwa za kusafirisha mtu au kusaidia raia, ambazo kwa kawaida askari asingetumwa hata hivyo. Namba zote mbili zinatoka kwenye kazi ileile. Weka basi safuwima mbili: simu ambazo zamani polisi alitumwa, na simu ambazo zamani hakuna aliyekwenda. Za pili si hasara. Ni huduma mpya, lakini usizihesabu kama akiba ya polisi. Sifa hazikuilinda CAHOOTS: huduma yake mjini Eugene ilisimama Aprili 2025 kwa upungufu wa fedha.

Kwa upande wa uhalifu, watafiti walioichunguza STAR walikuta taarifa za makosa madogo yaliyolengwa zimepungua kwa asilimia 34 katika miezi sita ya majaribio, kwenye maeneo yaliyohudumiwa. Waliweza kusema hivyo kwa sababu gari lilianza mitaa fulani na si mingine. Ukianza mji mzima siku moja, hutakuwa na mtaa wa kulinganisha nao.

Na usalama: STAR ilihudumia matukio 748 katika kipindi hicho, na hakuna lililoishia kwa kukamatwa mtu. Usitafsiri sifuri kuwa hapana kabisa. Kanuni rahisi ni kugawa 3 kwa idadi ya matukio: ukipata sifuri katika 200, kiwango halisi bado kinaweza kufika asilimia 1.5. Mwambie hivyo mkuu wa polisi kabla hajauliza.

Kuanzia siku ya kwanza ya huduma, kila mwezi soma simu 50 zilizofaa timu lakini zikaenda kwa polisi, na 50 zilizokwenda kwa timu. Kwa kila moja ya kundi la kwanza andika sababu moja tu: timu ilikuwa kazini, ilikuwa nje ya saa zake, mpokea simu hakuuliza, au mpigaji alitaka polisi. Sababu ya kwanza ikizidi, unahitaji gari. Ya tatu ikizidi, gari jipya litakaa bure kama la zamani.